Sura ya Tano: Dau la Mchezaji na Hukumu ya Shabiki

Ada ya uhamisho ni fedha ambazo klabu moja ya soka huilipa klabu nyingine ili mchezaji ambaye bado yumo ndani ya mkataba aachiwe kabla ya muda wake kwisha, na ndizo zinazomtofautisha mchezaji anayenunuliwa na mchezaji huru, yaani yule ambaye mkataba wake umemalizika na anayeweza kujiunga na klabu yoyote bila klabu yake ya zamani kupata hata senti. Waandishi wa michezo na mashabiki wa Afrika Mashariki huziita fedha hizo dau, neno ambalo katika Kiswahili ni pia kile anachokiweka mezani mcheza kamari. Mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe kisha akashindwa kuonyesha kitu uwanjani huitwa garasa, jina la karata isiyo na thamani.

Maneno haya mawili yametoka kwenye meza ya karata, na kwa pamoja yanaeleza jambo ambalo orodha za bei hazilielezi, nalo ni kwamba machoni pa shabiki kila usajili ni mchezo wa kubahatisha ambao dau lake limewekwa na mtu mwingine, ilhali fedheha ya kushindwa humrudia yeye shabiki kazini, shuleni na kijiweni. Maoni ya mashabiki kuhusu matumizi ya klabu huonekana mara nyingi kama kelele zinazopingana, kwa kuwa shabiki yuleyule aliyelalamikia ubahili wa viongozi mwezi Agosti hulalamikia ubadhirifu wao ifikapo Machi. Sura hii inadai kwamba chini ya kelele hizo kuna mantiki moja: shabiki huuliza kwanza ni nani aliyeliweka dau, kwa fedha za nani na kwa manufaa ya nani, na jibu la maswali hayo ndilo linaloamua kama bei itaonekana halali au haramu.

Hasira yenye umri wa karne moja

Malalamiko kwamba wachezaji wananunuliwa kwa bei ya kufuru hayakuanza na fedha za televisheni wala za mafuta. Chama cha Soka cha Uingereza kilihalalisha malipo kwa wachezaji mwaka 1885, na miaka 20 baadaye, Februari 1905, klabu ya Middlesbrough, iliyokuwa katika hatari ya kushuka daraja, ilimnunua mshambuliaji Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000, kiasi ambacho hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulipa kwa mchezaji mmoja. Wapo walioona ni aibu kwa binadamu kuuzwa kama mifugo, na wapo walioona ni aibu zaidi kwa klabu kununua wokovu wake sokoni badala ya kuutafuta uwanjani. Hata hivyo Middlesbrough ilibaki daraja la kwanza, na hoja ya matokeo ikashindana na hoja ya maadili kama inavyoshindana hadi leo. Mwaka 1908 wakuu wa soka nchini humo walijaribu kuweka kikomo cha pauni 350 kwa kila uhamisho, lakini klabu zikatafuta njia za kukikwepa na kanuni hiyo ikafutwa baada ya miezi michache.

Tangu hapo rekodi zimefuatana kwa mwendo wa kupanda ngazi. Mwaka 1928 Arsenal ilimlipia David Jack wa Bolton zaidi ya pauni 10,000, na Februari 1979 Nottingham Forest ikamtwaa Trevor Francis kutoka Birmingham City kwa pauni milioni 1, bei ambayo ilizua mabishano makali hadi mwezi Mei mwaka huohuo, pale Francis alipofunga bao pekee la fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Malmö. Kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyezuiwa na klabu yake ya RFC Liège kuhamia Dunkerque ya Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha, ilibadilisha misingi ya soko hilo Desemba 15, 1995, kwa kuwa Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba klabu haiwezi kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Wengi walidhani hukumu hiyo ingeshusha bei. Kilichotokea ni kwamba mchezaji mwenye miaka mingi iliyobaki katika mkataba akawa ghali kuliko kabla, na klabu zikajifunza kumuuza mapema yule anayekaribia kuwa huru. Agosti 2017 Paris Saint-Germain ililipa euro milioni 222 kumchukua Neymar kutoka Barcelona, zaidi ya mara mbili ya rekodi iliyowekwa mwaka mmoja kabla yake na Manchester United kwa Paul Pogba.

Bei ya gazetini na bei ya vitabuni

Sehemu ya ugomvi kati ya mashabiki na viongozi hutokana na ukweli kwamba kiasi kinachotangazwa na magazeti sicho kinachoandikwa katika hesabu za klabu za mwaka huo. Wahasibu huigawa ada ya mchezaji katika miaka ya mkataba wake, kama mfanyabiashara anavyoigawa bei ya lori katika miaka anayotarajia lori hilo kufanya kazi, hivyo mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano huhesabiwa kuwa gharama ya milioni 20 kila mwaka. Kinyume chake, fedha za mauzo huingizwa mara moja katika mwaka wa mauzo, baada ya kuondoa ile sehemu ya ada ya awali ambayo haijafutwa vitabuni.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoiwezesha Chelsea kununua wachezaji wengi kwa mpigo baada ya kupata wamiliki wapya mwaka 2022. Enzo Fernández alipotoka Benfica Januari 2023 kwa takriban pauni milioni 107, alipewa mkataba wa miaka minane na nusu, na kwa hiyo gharama yake ya mwaka vitabuni ikawa kati ya milioni 12 na 13, badala ya zaidi ya milioni 21 ambazo zingeandikwa kama mkataba ungekuwa wa miaka mitano. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, lilizuia mtindo huo mwaka 2023 kwa kuamuru kwamba, mkataba uwe mrefu kiasi gani, ada igawanywe kwa miaka isiyozidi mitano, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikafuata mkondo huo mwishoni mwa mwaka.

Mashabiki wameyaokota maarifa haya na kuyafanya silaha za mabishano. Hesabu wanayoipenda zaidi ni matumizi halisi, yaani jumla ya manunuzi baada ya kutoa mauzo, kwa sababu inamruhusu shabiki kumtetea mmiliki wake na kumshambulia wa jirani kwa namba zilezile. Liverpool ilipomuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona Januari 2018 na, ndani ya mwaka huo, ikawanunua beki Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75 na kipa Alisson kwa takriban milioni 67, mashabiki wake walikuwa na jibu kwa kila aliyedai kwamba wamenunua mafanikio: fedha za mtu mmoja aliyetaka kuondoka zilikuwa zimeleta wawili, na mwaka 2019 wawili hao wakanyanyua Kombe la Ulaya. Bei hizo zilikuwa kubwa, lakini hazikuleta uchungu, kwa kuwa shabiki aliona zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Ubahili, ubadhirifu na asili ya fedha

Ukali wa shabiki huonekana zaidi pale anapoamini kwamba fedha zipo lakini hazitumiki, au zinatumika kwa kazi nyingine. Arsenal, yenye wafuasi lukuki kuanzia Nairobi hadi Lubumbashi, ilihamia uwanja mpya mwaka 2006 na kwa miaka kadhaa ikabana matumizi huku ikitoza tiketi ambazo zilikuwa miongoni mwa ghali zaidi Uingereza. Agosti 2013, katika mchezo wa kwanza wa msimu, ilifungwa 3-1 nyumbani na Aston Villa, na majukwaani zikasikika nyimbo za kumtaka kocha Arsène Wenger atumie fedha. Wiki mbili baadaye klabu ilimsajili kiungo Mesut Özil kutoka Real Madrid kwa pauni milioni 42.5, rekodi yake kwa wakati huo, na furaha iliyofuata ilitokana na ishara kwamba viongozi nao walikuwa na njaa ya ubingwa, kwani timu ilikuwa na viungo wengi na upungufu wake mkubwa ulikuwa kwingine. Mwaka 2019 klabu hiyohiyo ilimchukua Nicolas Pépé kutoka Lille kwa pauni milioni 72. Mwaka 2023 aliondoka bila Arsenal kupata ada yoyote, na jina lake likabaki mfano unaotajwa kila mara shabiki anapotaka kuonya kwamba kutumia fedha na kutumia akili ni mambo mawili.

Manchester United inatoa sura nyingine ya suala hilo. Familia ya Glazer iliinunua klabu hiyo mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa zikiwa za mkopo ambao mzigo wake uliwekwa juu ya klabu yenyewe, na tangu siku hiyo kila pauni iliyolipwa kama riba imehesabiwa na mashabiki kuwa pauni iliyoibwa kwa mchezaji ambaye hakusajiliwa. Baadhi yao waliondoka na kuunda klabu yao, FC United of Manchester, mwaka huohuo. Wengine, mwaka 2010, walijaza uwanja wa Old Trafford kwa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu hiyo. Katika miaka iliyofuata United ilinunua wachezaji kwa mamia ya mamilioni, lakini hasira haikupoa, jambo ambalo lingekuwa fumbo kama mashabiki wangekuwa wanadai matumizi peke yake.

Shabiki anapoona bei ya dau imefika mfukoni mwake, mjadala hubadilika kutoka maneno kuwa vitendo. Februari 6, 2016, baada ya wamiliki wa Liverpool kutangaza kwamba tiketi ya bei ya juu kabisa itafika pauni 77, maelfu ya watazamaji waliondoka uwanjani Anfield katika dakika ya 77 ya mchezo dhidi ya Sunderland, timu yao ikiwa mbele kwa mabao 2-0. Mchezo uliisha kwa sare ya 2-2 mbele ya viti vitupu, na siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuifuta bei hiyo.

Adhabu inapomwangukia asiyetumia

Ligi Kuu ya Uingereza iliweka Kanuni za Faida na Uendelevu, ambazo kwa miaka mingi ziliiruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu, bila kuhesabu gharama za akademi ya vijana, soka la wanawake na ujenzi. Everton, ambayo chini ya mmiliki wake wa wakati huo, Farhad Moshiri, ilikuwa imemwaga fedha nyingi kwa wachezaji walioshindwa kulipa fadhila, ilivuka mpaka huo, na Novemba 2023 ikakatwa pointi 10, ambazo zilipunguzwa kuwa 6 kwa rufaa, kabla ya kukatwa 2 nyingine Aprili 2024. Nottingham Forest nayo ilipoteza pointi 4 msimu huohuo.

Mwenendo wa mashabiki wa Everton unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 walikuwa wakiandamana dhidi ya bodi yao wenyewe na kuitaka ijiuzulu kwa ubadhirifu. Miezi kumi baadaye, Manchester United walipofika uwanja wa Goodison Park, wimbo wa ligi ulipopigwa watu walewale waliinua kadi za rangi ya waridi zenye nembo ya ligi na neno la kuishutumu kwa ufisadi. Wapinzani waliwaita vigeugeu, lakini madai yao mawili yanapatana. Waliona kwamba bodi ilicheza vibaya dau ambalo hawakulipanga, na waliona pia kwamba ligi, badala ya kumwadhibu aliyeliweka, ilichukua pointi, kitu pekee ambacho shabiki hukihesabu kuwa mali yake.

Kanuni hizohizo zimeleta uchungu mwingine usiotarajiwa. Kwa kuwa mchezaji aliyelelewa na akademi hakununuliwa, thamani yake vitabuni ni sifuri, na akiuzwa bei yote huandikwa kuwa faida, hivyo klabu inayotaka kununua wageni hushawishika kuwauza watoto wa nyumbani kwanza. Chelsea iliwauza Mason Mount mwaka 2023 na Conor Gallagher mwaka 2024, na Manchester United ikamwachia Scott McTominay aende Napoli, ambako alitwaa ubingwa wa Italia na kutajwa mchezaji bora wa ligi hiyo msimu wa 2024/25. Kwa mhasibu mauzo ya namna hii ni bora kuliko yote, na kwa shabiki ni mabaya kuliko yote, kwa maana mchezaji aliyekulia mtaani kwake ndiye pekee ambaye hakuwahi kuwa dau.

Mwanachama na kura yake

Katika klabu zinazomilikiwa na wanachama, swali la nani aliweka dau lina jibu lililoandikwa katika masanduku ya kura. Mwaka 2000 Florentino Pérez aligombea urais wa Real Madrid akiahidi kumleta Luís Figo kutoka Barcelona, na akasema kwamba akishindwa atawalipia wanachama ada zao za msimu. Alishinda, akalipa peseta bilioni 10, sawa na takriban euro milioni 60, na wanachama wa Madrid hawakuwa na sababu ya kulalamikia bei waliyoipigia kura wenyewe. Barcelona walilipokea jambo hilo kama usaliti, na Novemba 2002 Figo alipokwenda kupiga kona katika uwanja wa Camp Nou alirushiwa chupa na, katika tukio lililosambaa duniani kote, kichwa cha nguruwe. Ada waliyopokea ilikuwa ya rekodi, lakini haikumfariji shabiki hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Tanzania inaungana na historia hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vibanda umiza, yaani vyumba vya televisheni ambamo mtazamaji hulipa kiingilio kidogo na kubanana na wenzake kwenye mabenchi ili kuangalia ligi za Ulaya, na ambamo dau la pauni hubishaniwa na watu wasiolipa tiketi wala kodi kwa klabu husika. Mtanzania Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa kutoka Genk Januari 2020, kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5, Villa ilipata mashabiki wapya wa Kitanzania kwa usiku mmoja, na katika mabishano ya vibandani hakuna aliyesema ameuzwa ghali. Wengi walishikilia kwamba amekwenda kwa bei ya kutupwa, kwa sababu safari hii dau lilikuwa la kwao.

Njia ya pili ni ya Simba na Yanga, klabu zilizozaliwa katika miaka ya 1930 na kukua mikononi mwa wanachama wenye kadi na matawi. Huku ada za uhamisho mara nyingi hazitangazwi, wachezaji wengi husajiliwa wakiwa huru kwa fedha ya kusaini, na shabiki hupima usajili kwa shangwe za utambulisho, katika dirisha kubwa la usajili la katikati ya mwaka na dirisha dogo la Desemba na Januari, kisha kwa matokeo. Kiungo Clatous Chama kutoka Zambia, ambaye Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 na kumrejesha miezi michache baadaye, alihamia Yanga Julai 2024 baada ya mkataba wake kwisha. Ada ya uhamisho ilikuwa sifuri, na bado zogo lake lilizidi la wachezaji wengi walionunuliwa.

Sakata la Feisal Salum linaonyesha pia kwamba bei ikijulikana, hukumu hugawanyika. Desemba 2022 kiungo huyo kutoka Zanzibar alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga na kuilipa klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 zilizokuwa sawa na mishahara ya miezi mitatu. Yanga ilizikataa, na Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wake. Waliosimama na klabu walisema mkataba ni mkataba. Waliosimama na mchezaji waliitazama ile milioni 12, wakaigawanya kwa tatu, na kushangaa kwamba nyota wa timu ya taifa alikuwa akipokea mshahara huo, huku maneno ya ugali na sukari, yaliyotoka upande wake, yakigeuka msemo wa mitaani. Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuutaka uongozi wa Yanga ulimalize jambo hilo, klabu ilimuuza kwa Azam FC bila kutangaza bei.

Mabadiliko ya umiliki yanaufanya mjadala huu kuwa mzito zaidi. Desemba 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfanyabiashara Mohammed Dewji awekeze shilingi bilioni 20 kwa sehemu ya hisa, na mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao wakapitisha mfumo wa kuacha asilimia 51 kwa wanachama. Kwa mara ya kwanza fedha za tajiri, ambazo zamani zilitolewa kama msaada na kupokewa kwa shukrani, zimepewa jina la uwekezaji, na uwekezaji hudai faida na huulizwa maswali. Shabiki wa Simba au Yanga sasa ana sauti mbili kifuani mwake, moja ya mfuasi anayetaka kifaa kipya, yaani mchezaji mpya, kila dirisha, na nyingine ya mmiliki mwenza anayetaka kujua kifaa hicho kimelipwa kwa fedha zipi.

Sauti hiyo ya pili ndiyo inayofaa kusikilizwa na yeyote anayetaka kuelewa hasira za usajili. Anayeshika maikrofoni katika mkutano mkuu wa klabu na kuuliza habari za garasa aliyekula mshahara wa msimu mzima akiwa benchi, swali lake hulielekeza kwa watu walioketi meza kuu, na mchezaji mwenyewe humtaja kwa kupita tu.